Kaskazini ya Jiwe

Leo mawingu yameukalia uwanda wa Javakheti
kama kuku aliyegoma kuyaacha mayai,
nami bila jua sina kazi.
Dira ya kawaida haifai hapa. Iweke juu ya mwamba,
sindano itababaika, itasema uongo mchana kweupe,
maana mwamba wenyewe ni sumaku.
Kwa hiyo napima kwa kivuli,
na kivuli leo hakuna.

Arpenik kaniita ndani. Viazi, jibini la chumvi, chai.
Twaongea Kirusi, lugha ya kuazima:
Kigeorgia changu nimekiacha mlangoni pamoja na viatu,
Kiarmenia chake kinachemka jikoni.
"Unatoboa mawe yetu. Kuna dhahabu?"

Namwonyesha kilichotoka kwenye keekee:
kipande cha mwamba, kinene kama dole gumba,
mshale wa wino ubavuni.
Natafuta kaskazini, nasema.

Acheka mpaka kitambaa kinamteleza kichwani.
"Kaskazini! Nani hapa haijui?
Basi lake huondoka alfajiri, mbele ya duka la Zaven.
Wanaume hupanda mwezi wa tatu
wakajenge maghorofa ya Warusi,
hurudi theluji ikianguka.
Wale wanaorudi."

Namweleza, kwa maneno machache niliyonayo.
Lava ilipofurika hapa haikuwa na upande.
Chembe za chuma ndani yake zilikuwa soko
la watu elfu wanaopiga kelele, hakuna anayesikiliza.
Ikaganda, ikawa jiwe, bado jekundu, bado na kelele.
Kisha, kwenye nyuzi mia tano na themanini hivi,
soko likanyamaza.
Kila chembe ikasikia dunia inaita.
Hazikugeuka kwa mwili, mwili ulikwishaganda;
kilichogeuka ni nia.
Baridi ikafunga mlango, funguo ikaitupa.

Na lile tabaka jeusi la chini, pale korongoni,
nia yake iko kusini.
Si kosa la jiwe. Siku lilipopoa
dira yoyote ingeelekeza kusini,
dunia ilikuwa imejipindua moyo.

Arpenik amenya kiazi, polepole, ganda moja refu.
"Basi siku hizo Hovik wangu angekwenda kusini."
Labda.
"Kusini kuna nini?"
Uturuki.
Hatukucheka.

Akainuka, akafunua ubao sakafuni.
Tanuri la mkate, udongo mtupu, limezama hadi kiunoni,
buibui wamehamia.
"Na udongo? Nao hukumbuka?"
Hukumbuka moto wake wa mwisho, nikasema,
hadi moto mkali mwingine uje uufute.
"Moto wa mwisho ulikuwa mkate wa safari yake.
Mikate arobaini. Miaka saba sasa.
Lete keekee yako."

Nikasema ukweli, mbaya kama ulivyo:
miaka saba ni kitu kidogo mno,
kaskazini imesogea kwa unywele,
mashine yangu haitaona tofauti
kati ya siku ile na leo.

Sikumwambia jambo jingine.
Kwamba kule maabara, Tbilisi, kulisoma jiwe ni kulichoma.
Nyuzi mia, mia mbili, mia tatu:
linatoka kwanza la juzi juzi, uvivu wa karne za karibuni,
jiwe nalo hujifunza kusalimu wenye zamu;
linatoka la radi, kama ilipiga;
ndipo linabaki la asili, safi, limenyooka.
Nalisoma. Naongeza moto.
Nikimaliza kulijua halijui tena lolote.

Saa tisa mawingu yakapasuka.
Nikakimbia na ubao wangu wa vivuli,
nikatoboa mashimo kumi na moja kabla ya giza.

Niliporudi kuchukua koti
moshi ulikuwa unapanda katika paa la Arpenik,
umenyooka kwanza, kisha ukajiendea upande wake.
Mikate mingapi, sikuuliza.