Senti Yenye Tundu

Vua viatu, Mize alimwambia mgeni,
na picha, omba kwanza.
Pango letu la Makangale halina mlango ila adabu.

Akaingia Chizuru wa watu na daftari lake:
chetezo chenye ufa, kitambaa chekundu, yai moja,
na senti za Mwingereza zenye tundu katikati,
zimeota kutu ya kijani.

Hakuandika.
Akapiga makofi mawili, akainama.
Tukatazamana: nani kamfunda?

"Kwetu," akasema, akiokota maneno
kama mtu aokotaye chaza maji yakipwa,
"liko jiwe pwani, limefungwa kamba ya mabua ya mpunga.
Bibi yangu alikuwa mzamiaji.
Hakuzama asipolisalimu."

"Na mwani mnalima?"
"Tunakula."
Mize akacheka hata akashika ukuta:
miaka kumi vidole vyaliwa na chumvi,
hajaonja hata jani!

Mgeni akapapasa mfukoni,
akaweka sarafu ya njano.
Nayo ina tundu.

Jana nimepita kufagia.
Bamvua limezichanganya zote.
Nimeitafuta ya kwake kwa tochi, nikachoka.

Mize bado ananiuliza:
huo mwani, wanautia nazi?