Honi Mbili

Verlyn alilinunua mnadani bila kuniuliza,
lori la jeshi, tani mbili na nusu, magurudumu kumi,
likaletwa huku Iowa juu ya mgongo wa lori jingine
kama mgonjwa juu ya machela.
Likatua pale pale nilipotaka kupanda nyanya.

"Wiki sita," akaniambia.
Ilikuwa Machi, barafu bado imeziba mifereji.
Nikamuuliza, wiki za nani?

Msasa namba themanini, kisha mia na ishirini.
Aliukwangua mlango mpaka ukaanza kusema:
juu kijani, chini yake rangi ya mchanga,
chini ya mchanga kijani tena, kilichokolea zaidi,
na chini kabisa ule wekundu wa kuzuia kutu,
kama ufizi.
Jioni aliingia ndani na nyusi za kijani,
akapiga chafya ya kijani.
Kutu ilikuwa imekula sakafu upande wa dereva;
ukikaa kitini unaona nyasi kati ya miguu yako.
Akakata bati, akachomelea, akaungua kidole gumba,
akamlaani yeyote aliyebuni bolti za aina ile,
zisizosikia nyundo wala maombi.

Tena mjue, mume wangu hakwenda vitani.
Walimpima akiwa na miaka kumi na tisa,
wakasikia kifua kinavyopiga filimbi,
wakamrudisha kwao kwa basi.
Miaka thelathini na moja akafunga gia za matrekta kiwandani.
Sikuwahi kumuuliza lori ni la nini.
Kuna maswali ninayoyaacha mlangoni
pamoja na viatu vyake vya grisi.

Agosti akapulizia rangi.
Upepo ulitoka upande wa mahindi, haukubisha hodi.
Shuka zangu nne zikaota ndui ya kijani,
na paka naye, na sanduku la barua.
Lakini lori, niseme kweli,
lilisimama limetulia, halimeti hata chembe,
linameza jua lote na halirudishi chenji.
Akachora nyota mlangoni
kwa karatasi aliyoikata mwenyewe.
Ncha moja ilitoka fupi. Nikanyamaza.

Siku aliyoliwasha
lilikohoa moshi mweusi, likakohoa tena, likashika,
vikombe vyangu vikacheza rafuni.
Watoto wa mtaa wakapiga saluti.
Ng'ambo ya ua, Mersiha alikuwa akichoma pilipili hoho.
Aliziacha ziungue.
Akawaingiza wajukuu ndani, mmoja kwa mkono,
mmoja kwa ukosi wa shati.
Nikaona pazia likifungwa.

Siku ya tatu alikuja na sinia
la pai za nyama zilizoviringwa kama konokono.
Hakulaumu. Alisimama mbele ya nyota.
"Kule kwetu Bosnia," akasema,
"moja kama hili lilileta unga.
Moja kama hili lilichukua kaka zangu.
Ukiwa gizani chini ya nyumba, sauti ni ile ile.
Unahesabu gia. Unangoja lisimame
ndipo ujue ni lipi."

Verlyn alikuwa na kitambaa mkononi.
Akaendelea kufuta
mahali palipokuwa safi tayari.

Sikumsikia akimjibu.
Ana maneno machache, na hayo machache
huyamalizia kwenye bolti.
Lakini tangu siku hiyo, kabla hajagusa swichi,
hupiga honi. Mara mbili, fupi fupi.
Halafu hungoja, mikono juu ya usukani,
saa nyingine dakika nzima,
nami dirishani, na sahani yangu yenye povu,
mpaka ng'ambo ya ua
mtu agonge sufuria kwa mwiko.

Ndipo huliwasha,
aende kununua maziwa.