Makabidhiano, Ghorofa ya Pili

Sigei, ufunguo wa droo nimekuachia,
na nywila iko kwenye bahasha ya kaki;
ibadilishe kabla ya chai.
Kiti kinainamia kushoto. Usikikaze,
kitapiga kelele
na Bi Wairuri wa hesabu atapanda kulalamika.
Dirisha la upande wa Menengai halifungi.
Vumbi utalizoea.

Barua yangu ilikuja Alhamisi, mistari minne:
kuanzia mwezi ujao utahudumu Jirani.
Hakuna aliyefutwa, hakuna aliyeajiriwa.
Mwenye mali ni mmoja, lango ni moja,
bawabu ni yule yule Lokwawi.
Kilichobadilika ni kamba ya shingoni,
jana kijani ya Kibuyu, leo rangi ya chungwa,
na vidato ishirini na sita zaidi.
Kwetu ng'ombe walihamishwa hivi,
kutoka boma la mke mkubwa hadi la mke mdogo,
pasipo mtu kumwuliza ng'ombe,
na maziwa yakabaki ya baba.

Sasa sikiliza, haya hayakuandikwa popote.
Mizani ya Mau Narok hudanganya asubuhi ya baridi:
gramu mia mbili, pengine tatu,
kila mara dhidi ya mkulima.
Nimeweka mstari wa kumrudishia.
Hauna maelezo, hauna jaribio,
una jina langu tu na tarehe ile ya mvua ya mawe.
Atakuja kijana mwerevu aulize, huu ni wa nini?
Mwambie asiuguse.
Kijana huyo akiwa wewe, usiuguse.

Na mkulima elfu nne na sabini na moja
ni Bi Tapsabei Mosonik, ng'ombe wawili.
Hupiga simu kila tarehe tano.
Hadai pesa. Anataka asomewe lita zake,
siku baada ya siku,
kama mtu anayetajiwa wajukuu.
Msomee. Ni dakika mbili.

Mwezi wa pili tuliagizwa kusogeza malipo
kutoka tarehe tano hadi kumi na tano.
Niliandika mimi.
Tarakimu moja, Sigei: nilitia moja mbele ya tano,
nikashuka kula chapati.

Huku juu hawakungoja siku ya tatu kunipa jembe.
Nilifungua jedwali la wakopaji
kutafuta riba iliyopotea nusu senti,
nikakuta foleni ya watu ninaowajua.
Molo, Keringet, Mau Narok,
wote wamekopa tarehe sita,
wote watalipa tarehe kumi na tano.
Na elfu nne na sabini na moja yumo,
shilingi mia nane, za pumba.
Nilidhani ni kosa la programu.
Nililisaka hadi Lokwawi akazima taa za ngazini.
Programu ilikuwa sahihi.
Mfuko ni mmoja, una midomo miwili:
huko chini unasema subiri,
huku juu unasema chukua.

Kazi yangu ya kwanza wamenipa leo:
niunganishe majedwali,
Jirani ajue lita za mtu
kabla mtu mwenyewe hajasomewa.
Ndiyo maana walinichagua. Naijua ngazi.
Kwa hiyo Jumatatu utapata barua rasmi
ikiomba ufunguo wa jedwali la lita.
Itakuwa na lugha nzuri, maana nitaiandika mimi.
Una haki ya kuuliza kwa nini.
Uliza kwa maandishi, usinionee haya.
Nikiwa huku siwezi kujiuliza.

Leo ni tarehe nne.
Simu iko kushoto,
upande kiti kinakoinamia.