Vijiti vya Mninga

Fundi Kashindye wa Isevya hauzi vijiti kwa macho.
Ananikalisha kwenye gogo, nimempa mgongo,
anagonga kimoja kimoja juu ya tofali:
hiki na kile, ni ndugu?
Si ndugu. Kimoja kinasema ti, kingine to.
Anakitupa kwenye maranda, anaokota kingine.

Mpingo nimeukataa. Unalia kama kioo,
lakini nyimbo mbili tu viganja vinaomba likizo.
Mninga, basi.
Mwekundu, bado unanukia mvua ya Sikonge,
umekerezwa kwa mota ya cherehani bovu,
shingo nyembamba, kichwa kama kokwa ya zambarau.
Navibingirisha mezani: vinakwenda sawasawa,
hakuna kinachochechemea.
Elfu nane. Nampa saba na ahadi.

Nyumbani kuna ngoma za umeme,
mali ya bendi ya hoteli iliyovunjika kwa ugomvi wa nauli:
sahani tano za mpira, waya uliofungwa utepe,
hedifoni inayosikika zaidi kulia.
Nilizinunua kwa ajili ya usingizi wa Milembe.
Ni muuguzi Kitete, zamu ya usiku.
Saa mbili asubuhi anavua viatu, analala,
nami nahamia chumba cha pili
kupiga radi isiyomfikia mtu.

Humo masikioni mimi ni hodari.
Nikigusa tu, inalia kamili.
Nikiteleza, mashine inanisitiri
kama shangazi anayefunika sufuria ya wali ulioungua.
Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake;
mimi sikuwa hata na ngozi ya kuvuta.

Alhamisi umeme ukakatika.
Radi ikafa katikati ya ubeti,
mikono haikupata habari, ikaendelea.
Tak. Tak-tak. Tak.
Mti juu ya mpira, kama mtu anayekatakata bamia
akiwa amekasirika.
Na ng'ambo ya ukuta, sauti nzito ya usingizi:
"Mkono wa kushoto, baba Nyanso.
Kila ukifika pigo la nne, unakimbia."

Nikabaki na vijiti hewani.
Kumbe tangu Machi
amekuwa akilala juu ya makosa yangu,
anayajua kama mtu anavyojua
chaga ipi ya kitanda imelegea.

Jumapili, kanisani Cheyo, ngoma zenyewe:
ngozi ina kovu la gundi, toazi lina ufa,
pedali inalia kama bawaba.
Haziulizi kama umeme upo.
Pigo la kwanza likanirudi hadi begani,
likatoka mlangoni, likaamsha njiwa wa paa la bati,
na hakuna aliyelifunika.
La pili. La tatu.
La nne nikakimbia.

Nikainua macho.
Benchi la mwisho, sare bado mwilini,
viatu amevivua, macho amefumba,
kidole kimoja juu ya goti
kimesimama
kinanisubiri.