Ukili wa Tisa

Kazi yangu kupima.
Maabara ya Bombo, dirisha la pili:
sukari, chumvi, chembe nyeupe.
Mtu huja na hofu yake kichupani,
namrudishia namba.

Mama alipofariki, masika yamefurika Ngamiani,
dada zangu walichukua cherehani na vyungu.
Mimi nikaachiwa mkeka.
Nikauhesabu (msininunie, ni mazoea):
kili kumi na nne.
Wa tisa umekosewa.
Zambarau imekaa pahala pa kijani,
shubiri nne nzima,
kisha rangi zinarudi kwenye zamu zao
kama msimuliaji aliyeghafilika, akaendelea.

Jumatatu nilikata kipande cha uchane, urefu wa kucha,
nikaenda nacho kazini ndani ya bahasha.
Hadubini ikasema: ukindu.
Rangi ya paketi, ya kuchemsha.
Na faili la mama likasema: mtoto wa jicho,
la kushoto zaidi.
Kwa mwanga wa kibatari
zambarau na kijani ni ndugu.
Basi. Nimepata jibu.

Shemboza, mwenzangu wa zamu, akanitazama.
"Na hayo machozi?"
Nikamweleza: maji, chumvi, protini;
ya kitunguu na ya msiba hayalingani,
hata hilo limeshapimwa.
"Sikuuliza yana nini," akasema.
"Nimeuliza ya nini."

Sitaisingizia hadubini.
Haikunidanganya; jicho lilikuwa na ukungu, kweli tupu.
Ila mama yule yule
alifumua kofia nzima kwa tundu moja,
na mkeka huu aliulalia miaka sita,
mchana kuna jua, wajukuu wana macho.

Nikampigia Mwanaidi, Pangani.
"Mbona tulimwambia," akacheka, kisha hakucheka.
"Akasema tuuache.
Akasema hapo ndipo ulipompigia simu
ile siku, toka Mwanza."

Ile siku ipi?
Nilipiga nyingi, fupi fupi,
salio likiisha katikati ya salamu.
Sikumbuki nilisema nini.

Shubiri nne.
Nimekaa na rula na kalamu,
nakisia kasi ya vidole vyake:
dakika arobaini? Saa?
Sijawahi kuzungumza naye saa nzima.
Basi simu ilikatika,
naye akaendelea kusuka
akiwa bado ananisikiliza.

Kile kipande nimekirudishia kwa uzi mweupe.
Mshono wangu mbaya, unaonekana toka mlangoni.
Sitaufumua.