Kura ya Penseli

Somoe kapiga saa sita usiku.
Kwao jua bado lipo, kasema, ila la bure, halina moto.
Yuko foleni kwenye shule ya watoto, Winipegi,
hajavua nguo za kazi, zile za kuogeshea wazee.
Mwaka huu ni raia. Mwaka huu anachagua.
Mimi niko zamu, ghala la Mpapura,
magunia mia tatu na kumi na mawili ya korosho
na paka mmoja asiyejua kazi.

"Mnamchagua Rais?"
"Hatuna. Tuna Malkia,
anakaa kwao, na kwenye noti ya ishirini."
"Na huyo Waziri Mkuu?"
"Jina lake kwenye karatasi yangu halimo.
Namchagua wa hapa. Wa hapa wakizidi, mkubwa wao ndiye."

Akanitajia vyama kwa rangi, kama anachagua kanga:
wekundu, waliokalia kiti,
buluu, wanaokitolea macho,
machungwa, wanaoongelea dawa na meno.
Kijani (nikacheka, kijani kwetu si mgeni)
kule ni wa miti, kasema,
wabunge wao wote wanaenea bajaji moja.
Na kipo chama cha mkoa mmoja tu.
Hakiombi kura kwingine, nchi hakiitaki,
kinataka mkoa wake usisahauliwe, na lugha yake.

Hapo nikanyamaza.
Nje, chini ya majani, bomba la gesi linapita kwenda Dar.
Miaka yote hiyo halijatusalimia.

"Ahadi je?"
"Zipo. Kila mmoja atapunguza kodi."
"Kangomba," nikasema. "Wanakununua ua halijafunguka."
Akacheka mpaka foleni ikageuka.

Akazima simu. Akawasha.
"Penseli! Wamenipa penseli,
fupi, kama ya seremala sikioni.
Unakata alama kwenye duara, basi."
"Na kidole?"
"Kidole kitupu."
Changu wino ulikaa mpaka kucha ikamaliza kukua.

Penseli, Somoe?
Hapa karani mmoja alipima kwa penseli,
kilo arobaini za Bi Hawetu
kufika adhuhuri zikawa thelathini na moja.
Yeye sasa yuko Msumbiji.
"Hakuna anayefuta?"
Akafikiri. Nilisikia upepo wa kwao kwenye simu.
"Sijui. Nimeiacha mezani, nikaondoka."

Alfajiri akapiga tena, sauti imekauka.
"Wekundu."
"Wamezidi?"
"Kwa kura, hapana. Buluu wamezidi."
Nikakaa juu ya gunia.
"Wanahesabu viti," kasema, "kila jimbo kiti kimoja,
ushinde kwa elfu, ushinde kwa kumi."
Yaani magunia, si kilo!
Lililoshiba na lililokunjwa shingo, yote ni gunia.
Mimi ni mpimaji. Fanya hivyo hapa
uone kama mizani italala salama.
"Na mwenye kilo zake, kafanya nini?"
"Kampigia mwenzie. Kampongeza.
Nadhani sasa kalala."
Kalala!
Na mshindi mwenyewe lori halijajaa,
kila kona atasimama kuwaomba machungwa wamwongezee.
"Jirani yangu kang'oa bango lake uwanjani," kasema,
"kesho tunachangia koleo la theluji, kama kawaida."

Saa tatu wakulima wakajaa mnadani.
Bahasha zikafunguliwa, bei ikasomwa.
Kimya. Kisha mmoja, kisha wote:
"Hatuuzi!"
Mnunuzi akakunja karatasi yake mara nne.
Simu ya pongezi sikuisikia.

Jioni walikuwa bado wanaleta.
Bi Hawetu akashusha gunia lake kichwani,
akasimama karibu na mizani, karibu sana.
Hamsini na nne na nusu.
Nikaokota penseli iliyokuwa chini ya meza,
nikaandika,
nikaitazama ile namba, nyepesi, ya kijivu,
nikajaribu kuiacha mezani na kuondoka.

"Chitanda!" Mwenyekiti, kutoka mlangoni.
"Peni!"