Zamu ya Mpanda

Bi Nyamizi Kasele ameingia na bahasha ya kaki,
ndani yake karakana nzima:
wanaume kumi na mmoja mbele ya behewa,
stesheni ya Tabora, jua la saa nne,
wamekunja mikono wote
utadhani walikunjiwa na mtu mmoja.

Anataka ukibofya uso, jina litoke.
Jina, na kazi, na alikozikwa.
"Wajukuu wametapakaa, Dodoma, Mwanza, wapi sijui,
hata huyu mwenye sharubu hawamjui."

Nimeiskani. Picha imekuwa faili.
Namweleza mashine inavyoona:
inaanzia kona ya juu kushoto,
pale ni sifuri kwa sifuri.
Ukienda kulia, namba zinapanda.
Ukishuka, zinapanda vilevile.
"Kwa hiyo huyu aliyechuchumaa
amempita cheo msimamizi?"
Kwa namba, mama, amempita.
Anacheka mpaka anashika meza.

Tunaanza kuwazungushia.
Nkwabi wa breki, duara:
kitovu ni pua, ukingo ni masikio.
Mlekwa mwenye sharubu, mstatili,
maana kofia yake nayo ina maneno.
Maganga ana nyundo begani,
na duara lingeiacha nyundo nje,
naye, kwa maelezo ya Bi Nyamizi,
bila nyundo hajulikani hata kwao Sikonge.
Basi nampigia pembe nyingi,
nukta, nukta, nukta,
kama anayeshona kiraka kwa kibatari.

Jaribu sasa.
Kishale kinapita juu ya behewa: kishale tu.
Kinafika shavuni kwa Nkwabi
na papo hapo kinageuka mkono,
mkono mdogo mweupe, kidole kimoja kimenyooka.
Bi Nyamizi anasogeza kiti.
"Rudia."
Behewa, kishale. Shavu, mkono.
"Kumbe kina adabu."

Jioni akanipigia kutoka Isevya.
Kwenye simu ya binti yake picha imesinyaa,
namba zangu zimekataa kusinyaa nayo.
Ukimgusa Mlekwa, anaitika Nkwabi.
Ukimgusa Nkwabi, kimya, mbao za behewa.
Nikaomba radhi.
"Usijisumbue sana, mwanangu.
Huyo Nkwabi hata alipokuwa hai
aliitika asipoitwa, hasa penye chai."

Nilijisumbua hivyo hivyo.
Nikakaa na kikokotoo na karanga za mia tano,
upana wa skrini kwa upana wa picha,
kila namba igawiwe, kila uso ufuate kichwa chake,
mpaka treni ya usiku ikapiga honi
na umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika.

Asubuhi alikuja mwenyewe, hakukaa.
Akawagusa mmoja mmoja kwa dole gumba,
wote kumi na mmoja wakaitika kwa majina yao.
Kisha akaweka ukucha
kati ya Maganga na kijana wa kopo la grisi.
"Na hapa."

Hapa hapana mtu, mama.
Ni ubao wa behewa, na misumari.

"Najua hapana mtu.
Baba alikuwa zamu ya Mpanda.
Mpiga picha hakuwa na siku nyingine.
Wenzake wakasogea,
wakamwachia."

Nikaitazama upya ile nafasi.
Kweli, upana wa mabega.
Bega la Maganga limejibana upande mmoja,
la kijana limejibana upande wa pili,
kama watu benchini
wanaposikia mwenzao anakuja.

Mashine haikuniuliza kuna nani.
Iliniuliza namba nne:
kushoto, juu, kulia, chini.
Nikaziandika.
Jina akalitaja herufi kwa herufi, nisikosee.

Sasa kishale kinatembea juu ya mbao tupu,
msumari, msumari, ufa,
kinafika pale katikati
na kinakuwa mkono.